Kutoka Kaskazi Hadi Theluji: Mavazi ya Usaili wa Uzamili na Uzamivu Katika Majira ya Baridi

Vyuo vingi vya Marekani huita waombaji wa uzamivu, hasa wa fani za sayansi, kati ya Januari na mwanzoni mwa Machi. Kwetu Mtwara na Lindi huo ni msimu wa kaskazi: jua kali, mvua za kuvizia, joto la nyuzi 30 na kitu, shati limenata mgongoni kabla hujafika stendi. Kule Chicago, usiku wa Januari kipimajoto hushuka kwa wastani hadi nyuzi 7 au 8 chini ya sifuri, na Minneapolis hushuka zaidi. Anayetoka Mikindani au Kilwa Masoko hana kabati la kukopea. Sweta alilonalo ni la safari ya basi lenye kiyoyozi.

Kosa linalorudiwa kila mwaka si kuvaa kidogo. Ni kuvaa kwa ajili ya barafu tu. Usaili haufanyiki barafuni, unafanyika ofisini penye hita, nyuzi 20 hadi 22, joto linalokaribiana na usiku wa kipupwe Mtwara mwezi wa Julai. Ukiingia humo na fulana mbili nzito zilizofichwa chini ya shati, dakika ya kumi jasho linaanza kutiririka, na huwezi kuvua chochote mbele ya profesa. Kwa hiyo kila kitu kwenye mwongozo huu kinafuata kanuni moja: kizito kikae juu na kivulike mlangoni chini ya dakika moja, kisichovulika mbele ya watu kiwe chepesi.

Uliza kabla hujanunua

Barua za wito huanza kuingia Desemba na Januari, na kwa bahati nzuri kwa familia nyingi za huku pesa ya korosho inakuwa bado haijaisha. Usikimbilie sokoni. Mwandikie kwanza mratibu wa programu, umuulize mambo manne: usaili ni wa ana kwa ana au wa video, ratiba ina matembezi ya nje ya kuonyeshwa chuo, na ya muda gani, kutoka hotelini hadi idarani watu wanatembea au wanapanda gari, na mavazi yanayotarajiwa ni yapi. Maswali haya hayakupunguzii chochote. Waratibu huyajibu kila mwaka.

Ukijibiwa kwamba mavazi ni "business casual", maana yake ni nadhifu bila suti kamili: suruali ya kitambaa au sketi, shati lenye kola au blauzi, sweta jepesi au koti la suti juu yake, tai si lazima. Hayo ndiyo mavazi ya kawaida kwenye usaili wa uzamivu wa sayansi. Shule za biashara, sheria na udaktari wa tiba mara nyingi hutaka suti kamili. Kama hujajibiwa hadi siku ya kufungasha, beba koti la suti. Ni rahisi kulivua ukikuta wenzako wako na masweta kuliko kulitafuta ukikuta wenzako wako na suti.

Ratiba ya siku mbili huwa hivi: asubuhi maelezo ya programu, kisha mazungumzo ya nusu saa nusu saa na maprofesa wanne au watano, mchana chakula, alasiri matembezi ya chuo, jioni chakula na wanafunzi. Kipande cha baridi kali ni matembezi, ambayo huweza kula saa nzima nje, na safari ya kurudi hotelini usiku. Mwanzoni mwa Januari jua la Boston na Chicago huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukipanga mavazi yako kwa kufikiria dakika tatu za kutoka kwenye gari hadi mlangoni, matembezi yatakuumbua.

Kama usaili ni wa video, funga ukurasa huu. Shati safi, sehemu yenye mwanga, na feni isipulize kwenye maikrofoni.

Kusoma hali ya hewa ya Wamarekani

Utabiri wa Marekani huandikwa kwa Farenhaiti, na hapo wengi huchanganyikiwa: wanaona 20 wanadhani ni baridi ya Njombe. Kariri namba nne. 32 ya Farenhaiti ni sifuri yetu, maji yanaganda. 20 ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. 14 ni nyuzi 10 chini ya sifuri. Sifuri yao ni nyuzi 18 chini ya sifuri, ambayo ni baridi ya chumba cha kuhifadhia samaki waliogandishwa.

Halafu tazama upepo. Nyuzi 10 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa huhisika mwilini kama nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa sababu upepo hupeperusha ule utando mwembamba wa hewa ya joto unaoizunguka ngozi. Programu za simu huonyesha namba mbili, ya halisi na ya kuhisika. Vaa kwa kufuata ya kuhisika. Ikifika nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi huweza kuanza kuganda ndani ya nusu saa. Hapo masikio, pua na vidole havitakiwi kuonekana.

Koti: kulichambua kwenye mtumba

Makoti mazito ya mtumba hayafiki sana Mtwara na Lindi, na sababu ni wazi: mfanyabiashara hawezi kufungua balo la makoti mbele ya watu wanaotafuta vesti. Yakija huwa ya kubahatisha. Ukiwa na ndugu Dar, mtume Karume pale Ilala. Ukiwa na ndugu Mbeya, Njombe au Makete, ndiyo bora zaidi, kwa kuwa huko koti ni vazi la kila siku na muuzaji anajua anachouza. Arusha na Moshi wanakodisha nguo za wapanda mlima: jaketi zilizojazwa manyoya ya bata, glavu, fulana za ndani za kubana joto. Rangi zake hupiga kelele kidogo, lakini kwa matembezi zinafaa sana.

Koti la kununua linatakiwa lishuke hadi chini ya makalio, ikiwezekana katikati ya paja, na rangi iwe nyeusi, kijivu au bluu ya usiku. Hakuna anayetoa alama kwa koti, litatundikwa mlangoni, ila litaonekana kwenye matembezi na kwenye chakula cha jioni. Aina ni mbili: la sufu, linalokaa vizuri juu ya suti, na la kujazwa manyoya ya bata au nyuzi za poliesta. Baridi ikiwa ya kuanzia nyuzi 10 chini ya sifuri kwenda juu, koti zito la sufu na sweta vinatosha. Chini ya hapo chukua la kujazwa, bila kuona haya.

Tafadhali usichanganye sufu na sufi. Sufi ni ile ya kwenye godoro na mito, inatoka kwenye msufi. Sufu ni manyoya ya kondoo, na ndiyo inayokutia joto hata ikilowa kidogo. Soma lebo ya ndani, kwa kawaida iko ubavuni kushoto. Makoti ya mtumba hutoka nchi nyingi, kwa hiyo tafuta neno wool kwa Kiingereza, laine kwa Kifaransa, lana kwa Kiitaliano na Kihispania, Wolle kwa Kijerumani. Asilimia 70 na kuendelea ni nzuri. Kilichobaki kikiwa nailoni hakuna tatizo, kinalipa koti ugumu.

Lebo ikiwa imekatwa, na mara nyingi imekatwa, muombe muuzaji akuruhusu kuchomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani. Ushike kwa koleo dogo au pini, uuchome kwa kiberiti. Sufu inasinyaa polepole, inanuka kama nywele zilizoungua, na ukiminya mabaki yanakuwa unga mweusi. Poliesta inayeyuka, inadondoka, na ikipoa inabaki kidonge kigumu kisichovunjika kwa kucha. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu. Uzi ukitoa harufu ya nywele na bado ukaacha vidonge vidogo, koti ni mchanganyiko.

Kisha liinue juani ulitazame kwa ndani. Vitundu vidogo vya mwanga ni kazi ya nondo. Viwili vitatu mahali pasipoonekana vinashonwa, vikiwa kumi liache. Kagua bitana ya kwapa, ndiyo hupasuka kwanza. Pandisha na kushusha zipu mara tano bila kuibembeleza. La manyoya ya bata liminye kwa viganja vyote: likirudi juu haraka, limejaa, ukihisi mabonge upande mmoja na utupu upande mwingine, liliwahi kufuliwa vibaya na halitakutia joto.

Ukubwa pima ukiwa umevaa utakachovaa chini yake: shati, sweta, koti la suti. Funga vifungo vyote, kisha nyoosha mikono mbele kama mtu anayesukuma mkokoteni. Likikaza mgongoni ni dogo. Mkono wa koti lazima ufunike mkono wa suti wote, usiache hata sentimita moja ya kitambaa cha suti ikichungulia, maana hapo ndipo upepo unaingilia.

Harufu ya mtumba hutoka kwa hewa, si kwa manukato. Litundike kivulini penye upepo siku tatu au nne. Ukilazimika kufua sufu, tumia maji ya baridi na sabuni laini, usisugue, usikamue kwa kupinda. Litandaze juu ya taulo, ulikunje pamoja nalo, ukandamize. Maji ya moto hulifanya koti la baba liwe la mtoto, na hakuna fundi wa kulirudisha. Kumbuka pia kwamba kwa unyevu wa pwani wakati wa mvua, koti zito huchukua siku nyingi kukauka na likikunjwa na umajimaji linaota ukungu. Kazi hiyo imalize wiki mbili kabla ya safari.

Viatu, ambavyo ndivyo hasa

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja kizuri tu, weka kwenye viatu. Koti likipungua kidogo unaongeza sweta, lakini mguu uliolowa kwenye theluji hauna dawa hadi ufike hotelini.

Utahitaji jozi mbili. Ya kwanza ni buti la nje: soli ya mpira yenye meno ya kina, lifike juu ya kifundo cha mguu, lisipitishe maji. Ya pili ni viatu vya ndani, moka au viatu vya chini vya ngozi, unavyovibeba kwenye mfuko na kuvibadilisha ukifika. Soli ya ngozi au ya plastiki laini juu ya barafu ni mlenda. Visigino virefu usivifikirie.

Buti la mtumba lina ugonjwa mmoja uliojificha. Baadhi ya soli za povu huoza zenyewe kwa unyevu na umri, hata kama kiatu hakijavaliwa. Linaonekana jipya, ukitembea nalo siku moja soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Bonyeza ukingo wa soli kwa kucha kwa nguvu: ikichubuka au kuacha unga, liache. Likunje katikati utazame kama gundi inaachia. Ukifika nyumbani, weka tishu kavu ndani, kisha lisimamishe kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita 3 kwa dakika kumi. Tishu ikitoka kavu, umepata buti.

Nafasi mbele ya kidole gumba ibaki upana wa kidole kimoja cha mkono, ukiwa umevaa soksi utakayosafiri nayo. Watu huvaa soksi tatu wakidhani wanajikinga, wanaishia kuubana mguu, damu haipiti vizuri, vidole vinapata ganzi. Soksi moja nene ya sufu inashinda soksi tatu za pamba. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Nje kwenye baridi soksi hiyo inakuwa kitambaa cha kupoozea maji ya mtungi.

Barabara na njia za miguu kule humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo huacha mistari myeupe kwenye ngozi na kwenye pindo la suruali. Jioni futa buti kwa kitambaa kilicholowekwa kwenye siki nyeupe sehemu moja na maji sehemu mbili, kisha liache likauke mbali na hita. Ngozi iliyokaushwa juu ya hita hupasuka.

Kwa fundi

Suti ya kiume ya vipande viwili hula mita 3 hadi 3.5 za kitambaa chenye upana wa mita 1.5. Chagua chenye uzito wa kati, si kile chepesi cha harusi za Desemba. Mwambie fundi ukweli kwamba unakwenda kwenye baridi, na siku ya vipimo nenda umevaa taiti au suruali ya ndani ya joto. Mafundi wetu siku hizi mkono unawaendea kwenye modo, zile suruali za kubana. Kataa. Suruali ya modo haipiti juu ya suruali ya ndani, na ukikaa magoti yanavutika. Acha nafasi ya sentimita 2 kiunoni na paja lenye kupumua. Urefu uishie juu ya kisigino cha kiatu, usigusane na ardhi, kwa sababu theluji iliyochanganyika na chumvi na matope hupanda kwenye pindo kama maji kwenye utambi.

Kwa "business casual" huhitaji fundi mpya. Suruali nyeusi ya kitambaa, shati la mikono mirefu, na sweta jembamba la sufu lenye shingo ya V. Sweta hilo ndilo kitu chenye kazi nyingi kuliko vyote: chumba kikiwa baridi unabaki nalo, kikiwa moto unalivua kabla ya kuingia na shati lako bado ni la usaili.

Nguo ya ndani ya juu iwe moja tu, nyembamba, ya kubana, ya poliesta au sufu laini, na shingo yake isionekane kwenye kola. Suruali ya ndani ivae tu ikiwa baridi ya kuhisika iko chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri au una matembezi marefu. Unaweza kuivaa mchana kabla ya matembezi, chooni, ikiwa usaili umemalizika.

Sketi, baibui na hijabu

Sketi inafaa kabisa. Iwe ya kitambaa kizito, iishie kati ya katikati ya muundi na kifundo, chini yake taiti nene isiyoangaza, ile yenye manyoya mafupi kwa ndani kama baridi ni kali. Inayoburuta chini itarudi na matope. Kitenge nacho hakikatazwi; koti fupi la kitenge lililotiwa bitana, juu ya blauzi na sketi nyeusi, linapendeza ofisini. Ila ni pamba, usilitegemee nje.

Mvaaji wa baibui ajiandae kwa jambo ambalo pwani yetu hailijui: umeme tuli. Hewa ya hita ni kavu sana, na baibui la poliesta juu ya taiti litanata miguuni na kupanda juu kila ukitembea, na ukishika kitasa cha mlango utarushwa cheche. Paka losheni miguuni kabla ya kuvaa taiti, vaa shumizi ya pamba katikati, na bana pini ndogo ya chuma upande wa ndani wa pindo. Kabla ya kutoka pitisha henga ya chuma ndani ya baibui, itapunguza. Koti la juu liwe refu karibu na baibui lenyewe, la sivyo upepo wa chini utaliinua.

Hijabu ya kitambaa cha kuvutika hukaa vizuri kuliko shifoni. Chini yake vaa kofia ya ndani inayofunika masikio, mikia ya hijabu iingie ndani ya koti, kisha tumia kofia ya koti badala ya mzula. Mzula juu ya kibutu cha nywele hautulii. Baada ya udhu kausha mikono, uso na miguu kabisa kabla ya kutoka. Kuhusu kupangusa juu ya khofu (soksi za ngozi) badala ya kuosha miguu ukiwa safarini, muulize ustadhi wako mapema, kwa kuwa kuvua buti na soksi mara tano kwa siku kwenye vyoo vya chuo ni kazi kweli.

Nywele zilizosukwa huchukua muda kukauka. Osha siku mbili kabla ya usaili, si asubuhi yake.

Vidogo vinavyosahaulika

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Chupa yako ya mafuta ya kukamua nyumbani itakuwa jiwe jeupe ndani ya begi, na hata yakiyeyuka hayatoshi kwa ngozi ya huko. Beba mafuta ya mgando ya kopo na losheni nzito; paka ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Midomo hupasuka siku ya pili kama huipaki kitu, na kuongea kwa saa sita na mdomo uliopasuka ni adhabu.

Glavu: za sufu au ngozi yenye bitana, zenye ncha zinazogusa simu. Skafu moja ndefu. Mzula unaofunika masikio. Tishu mfukoni, kwa sababu pua itachuruzika hata bila mafua. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Betri ikipata baridi kali huzima ghafla ikionyesha bado ina chaji, na hapo ramani imekwenda. Miwani itapata ukungu ukiingia ndani, kwa hiyo usiende moja kwa moja kwa mwenyeji wako ukiwa huoni.

Jaribio la Mtwara

Wiki moja kabla ya safari, tafuta chumba chenye kiyoyozi, kiweke nyuzi 21. Vaa mavazi yote ya ndani ya usaili, bila koti. Kaa nusu saa na mtu anayekuuliza maswali kwa sauti. Ukitoka jasho, punguza nguo ya ndani. Ukihisi baridi kidogo, sawa. Ongeza sweta jepesi, si kizito kingine. Kisha vaa kila kitu cha nje na uvue ukiwa umeshika saa. Ikizidi dakika moja, kuna zipu, fundo au kifungo cha kurekebisha.

Buti nalo livae ndani ya nyumba nusu saa kila jioni kwa wiki nzima. Litaunguza miguu, ndiyo, lakini lengelenge lipatie Mtwara.

Safarini

Mavazi ya usaili hayaendi kwenye begi la chini la ndege. Begi hilo likichelewa siku mbili, usaili umekwisha. Mashirika mengi hupima begi la mkononi kilo 7, na koti zito peke yake lina kilo moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo koti lishike mkononi na buti livae mguuni. Ndani ya begi weka viatu vya ndani, suruali, mashati mawili, sweta, nguo za ndani za joto, soksi jozi tatu. Koti la suti ligeuze mabega yaingie moja ndani ya jingine, bitana iwe nje, kisha lizungushie fulana iliyoviringwa. Ukifika hotelini litundike bafuni, fungua maji ya moto mvuke ujae kwa dakika kumi na tano. Mikunjo mingi itaanguka.

Kutoka Mtwara hadi Dar, na Dar penyewe, vaa nguo nyepesi. Ukiloa jasho uwanja wa ndege wa Julius Nyerere kisha ukaingia kwenye ndege yenye baridi, utatetemeka njia nzima. Badilisha ukiwa umefika, kwenye choo cha uwanja wa mwisho, kabla ya kupita mlango wa kutokea nje: nguo ya ndani, soksi ya sufu, sweta, koti, mzula, glavu mkononi. Usijidanganye kwamba gari liko hapo hapo.

Siku yenyewe

Amka mapema utazame baridi ya kuhisika ya saa ya kutoka na ya saa ya kurudi. Vaa kwa mpangilio huu:

1. Losheni, mafuta ya mdomo, nguo ya ndani nyembamba.
2. Shati likiwa limechomekwa vizuri, kisha suruali au sketi, soksi ya sufu.
3. Sweta, na koti la suti kama lipo.
4. Buti, likifungwa juu, pindo la suruali likikunjwa kidogo ndani yake.
5. Skafu, koti zito, mzula, glavu mwisho.

Njiani tembea kama bata: hatua fupi, unyayo wote ukikanyaga kwa pamoja, mikono nje ya mifuko. Barafu mbaya ni ile isiyoonekana, nyembamba na angavu hadi unaona lami tu chini yake, hasa kwenye ngazi na kivuli cha majengo.

Fika dakika ishirini kabla. Kanyagia matope kwenye mkeka wa mlangoni, uliza pa kutundika makoti. Ingiza skafu na mzula ndani ya mkono wa koti, glavu mfukoni, vitu visitawanyike. Nenda chooni: badilisha viatu, buti kwenye mfuko wa plastiki, shusha pindo la suruali, futa pua na miwani, osha mikono kwa maji ya uvuguvugu hadi vidole vilainike. Mkono wa barafu kwenye salamu ya kwanza humshtua mtu, na kalamu haishikiki. Kaa dakika tano damu itulie, ndipo uripoti mapokezi.

Matembezi yakifika, usiende na viatu vya ndani kwa sababu wenzako wenyeji wanafanya hivyo. Wao wamezoea, na wana nguo kavu nyumbani. Rudi chooni, vaa buti na suruali ya ndani. Ukianza kutetemeka, mwambie anayewaongoza. Ataingiza kundi jengo la karibu, ni jambo la kawaida kwao.

Tunza risiti za teksi na hoteli kama chuo kimeahidi kurudisha gharama. Mavazi kwa kawaida hayarudishwi.

Ukirudi, usiliingize koti kabatini siku hiyo hiyo. Litundike kivulini siku mbili upepo ulipite, lifute kola na kwapa, lihakikishe limekauka, kisha lifunge kwenye mfuko wa nguo. Lianike tena kila mwezi kusi likivuma. Mwakani kuna mtu Masasi au Nachingwea atakuja kuliazima.